Salamu Zimefika, Je, Kuna Swali?

Nchi yenyewe haipo, tuelewane mapema. Ukiitafuta kwenye ramani utakuta jangwa, na ukiwauliza wanaopakana nayo watakwambia upande ule hakuna kitu, ni upepo tu. Kwa hiyo ukiona humu ndani mtu anayefanana na mjomba wako wa wizarani, usinijie juu. Kosa ni la mjomba.

Basi bwana, nchi hiyo isiyokuwepo iliitwa Jamhuri ya Kwaheshima, na kiongozi wake aliitwa Mkuu Mwenyewe, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limechoka kutajwa. Zama hizo dunia nzima ilikuwa inanunua mashine za akili, zile unaziuliza swali zinakujibu kama mtu aliyesoma. Kwaheshima nao wakasema hatuachwi. Mashine moja ingetosha kabisa. Lakini mashine moja maana yake msafara mmoja, ndege moja na picha moja ya kupungia watu mkono uwanja wa ndege, na mawaziri walikuwa wengi na kila mmoja ana mabegi yake. Afya wakaenda kununua kaskazini. Kilimo wakaenda mashariki. Ardhi wakaenda kwa watu wa baridi wakarudi na makoti. Wizara ya Uvuvi, katika nchi ambayo haina hata dimbwi la kuogea bata, ikarudi na mashine kubwa kuliko zote.

Zilipowashwa ndipo ikagundulika kwamba kila mashine ina mlango wake na namna yake ya kupokea ombi. Ya Afya inataka maelekezo yakae juu na maneno ya mgonjwa chini. Ya Kilimo inataka maelekezo yafichwe katikati ya maneno. Ya Ardhi haipokei kitu mpaka kikatwe vipande, na kila kipande kitajwe kimesemwa na nani. Na kompyuta za zahanati na ofisi za kata hazijui mtindo hata mmoja kati ya hiyo.

Ikabidi katikati pawekwe programu moja: inapokea ombi la huyu, inalifungua, inalifunga upya kwa mtindo wa yule, inalipeleka, inangoja jibu, inalirudisha. Jina lake la kiserikali lilikuwa refu mpaka kibao kikakunja kona ya jengo. Watu wakaiita Dalali, yakaisha.

Aliyemtunza Dalali alikuwa mwanamke mmoja, Hidaya Msonde. Kazi yake haikuwa ya sifa. Watengenezaji wa ng'ambo walikuwa na kamtindo ka kuhamisha milango bila kumwambia mtu. Leo unagonga mbele, kesho mlango umehamia ubavuni. Nchi nzima inasimama, redio inatangaza hujuma, Hidaya anakaa chini anatafuta mlango ulikohamia, anamrekebisha Dalali, na redio inatangaza Mkuu Mwenyewe ameshinda hujuma. Hidaya alishazoea. Alishinda vita vingi sana vya Mkuu Mwenyewe akiwa amevaa kandambili.

Nyumbani alikuwa anaishi na baba yake, Mzee Msonde, refa mstaafu wa ligi ya taifa, mtu wa vipensi na filimbi shingoni hata akienda kuoga. Mzee alikuwa na moyo uliochoka. Valvu moja ilikuwa imelegea, ikawa damu inakwenda na kurudi.

"Baba, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Hii ya njano nimeipa onyo. Inanichezea rafu tumboni."

"Daktari kasema uache kupanda ngazi."

"Daktari huyo huyo ofisi yake iko ghorofa ya tatu."

Daktari mwenyewe, Bahebe wa Hospitali Kuu, alikuwa fundi kweli wa mioyo. Alimwambia Hidaya bila kuzunguka: "Dada, operesheni hii naijua, nimeifanya sana. Akipasuliwa sasa anarudi uwanjani kupuliza filimbi yake. Akicheleweshwa, basi. Lakini sheria mpya inasema mgonjwa hapandi mezani mpaka mashine ya Afya iseme ndiyo. Nalituma ombi leo."

"Litume, daktari. Njiani litanikuta mimi."

Na kweli lilimkuta. Ila siku hiyo hiyo Waziri naye alimkuta.

*

Mheshimiwa Daktari Injinia Ngalawesa, Waziri wa Itifaki, alikuwa amekuja kumkagua Dalali. Alikuja na kamera, na kijana wa kumshikia mwavuli ndani ya jengo.

Hapa lazima usimame kidogo uelewe. Kwaheshima mtu hafungui mdomo mbele ya watu kabla hajazingatia itifaki. Unamtambua Mkuu Mwenyewe kwa vyeo vyake vyote, unakuja kwa Mama wa Taifa, mawaziri, manaibu, makatibu, viongozi wa dini kwa zamu, wazee wetu, mabibi na mabwana, na ole wako umruke mtu. Kuna harusi moja mshereheshaji alisalimia mpaka bibi harusi akabadili mawazo.

"Nionyeshe ombi likiwa linapita," akasema Waziri.

Hidaya akafungua skrini. Likawa linapita lile la Bahebe: *Msonde, mwanaume, mzee. Valvu ya moyo imelegea. Apasuliwe haraka?*

"Simamisha!" Waziri alipiga kelele mpaka mwavuli ukatikisika. "Hili linakwenda wapi?"

"Kwa mashine ya Afya, Mheshimiwa."

"Linakwenda hivi hivi?"

"Hivi hivi vipi, Mheshimiwa?"

"Uchi! Mtu anaingia kwa watu, hajasalimia, hajamtambua yeyote, anadakia tu, 'apasuliwe'! Sisi tumelelewa wapi?"

"Mheshimiwa, ile ni mashine."

"Ni mgeni wa taifa!" Akageukia kamera, akashusha sauti ikawa ya msibani. "Ndugu wananchi, nimesikitika. Nimesikitika kwa niaba ya Mkuu Mwenyewe, ambaye kwa sasa hajui kwamba amesikitika. Kumbe miaka yote hii akili kubwa za ng'ambo zinatuona watu wasio na adabu! Kuanzia leo hakuna ombi litakalopita kwa Dalali bila itifaki kamili kutangulia."

Hidaya akajaribu. "Mheshimiwa, mashine ina kikomo cha maneno inayoyapokea kwa wakati mmoja. Yakizidi, Dalali analazimika kukata mwishoni. Na mwishoni ndiko liliko swali."

"Kata kwingine."

"Kwingine ni kwenye majina ya viongozi."

Yule kijana akafunga mwavuli.

"Unataka kumkata nani?" akauliza Waziri taratibu.

"Simkati mtu, Mheshimiwa. Nasema tu, si tuandike 'itifaki imezingatiwa', kama wanavyosema wasemaji wa mwishomwisho?"

"Imezingatiwa na nani? Mashine imewahi kukaa meza kuu? Wewe umewahi?"

Hata hivyo Waziri alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliunda kamati ichunguze kama kompyuta inaweza kusema itifaki imezingatiwa. Wajumbe wa kamati wakateuliwa, na kwa kuwa sasa walikuwa wateule, wakaongezwa kwenye salamu.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda. Salamu zilikula nafasi kubwa, lakini swali fupi lilipenya. Maswali marefu ndiyo yaliyoanza kukatika mkia. Mkulima mmoja aliandika kwamba mahindi yake yana viwavi, afanyeje. Mashine ya Kilimo ikapata salamu zote na mwishoni *mahindi yangu yana*. Ikajibu: "Hongera kwa kuwa na mahindi." Mkulima akachapiwa lile jibu kwenye karatasi akaibandika ukutani. Viwavi wakaendelea kula.

Wakulima wengine wakalalamika, lakini waliokuwa wamesahauliwa kwenye salamu walilalamika zaidi, na hao walikuwa na namba za simu za wakubwa. Akaongezwa mlezi wa kwaya ya Ikulu. Wakaongezwa wake wa manaibu, kisha wake wakubwa wakataka wawatangulie wake wadogo. Alipoteuliwa Mshauri wa Mkuu Mwenyewe wa Mambo ya Washauri, Hidaya alimwongeza kwa mkono wake mwenyewe na kuona, kule chini, neno la mwisho la swali la mtu linadondoka.

Ombi la Mzee Msonde lilikuwa limesimamishwa siku ile ya ukaguzi. Lilipomrudia Bahebe salamu zilikuwa zimeshajaa; akalituma tena. Safari hii lilipita na nguo zake zote. Jibu likarudi hospitali limefungwa vizuri:

*Asante kwa salamu. Zimefika zote. Je, kuna swali?*

"Hii ni nini?" Bahebe alimpigia Hidaya. "Nimeuliza kitu cha maana mimi, naulizwa kama kuna swali!"

"Limekatwa, daktari. Fupisha."

"Nimelifupisha mpaka limebaki 'moyo'."

"Fupisha tena."

"Dada Hidaya, nikifupisha tena nitabaki na pumzi tu, naituma vipi?"

Kufikia hapo hakuna swali lililokuwa linafika popote katika Jamhuri nzima. Mashine zote zilipokea salamu na kurudisha salamu. Serikali ilifurahi, hujapata kuona. Zamani mashine zilikuwa zinawajibu watu mambo ya kukera: hakuna dawa, mbolea imeoza, kiwanja hiki kina wenyewe. Sasa majibu yote yalikuwa ya kistaarabu, na kila ombi lilijibiwa siku hiyo hiyo. Gazeti la serikali likaandika: MASHINE ZASHIKA ADABU. Waziri Ngalawesa akavishwa nishani, na nishani ikaongezwa kwenye vyeo vyake, na vyeo vyake kwenye salamu.

"Mwanangu," Mzee Msonde alimuuliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, "hiyo mechi yangu imeahirishwa mpaka lini?"

"Bado wanasalimiana, baba."

"Mpaka sasa? Hawajarusha shilingi?"

Hidaya alicheka. Mzee naye akacheka, halafu akakohoa kwa muda mrefu, ameshika filimbi kama mtu aliyeshika mlango.

*

Asubuhi moja Hidaya akafanya jambo. Hakukata jina la mtu. Hakumpunguzia mtu cheo. Alimwambia Dalali kitu kidogo sana: maombi ya Hospitali Kuu, swali likae mbele, salamu zifuate nyuma. Heshima yote iko palepale, ila imekaa siti ya nyuma. Kikatwe kitakachokatwa, hata akiwa mlezi wa kwaya.

Bahebe akatuma. Kwa mara ya kwanza tangu Waziri aje na mwavuli, mashine ya Afya ikasoma: *Msonde, mwanaume, mzee. Valvu ya moyo imelegea. Apasuliwe haraka?* Halafu ikasoma Mkuu Mwenyewe, Mama wa Taifa, mawaziri, manaibu, na wote waliofuata.

Mashine zile, ukumbuke, hazikuwa zimesikia kitu kingine kwa miezi isipokuwa salamu. Walioziuza walijisifu kwamba zinajifunza kwa wateja wake. Zilikuwa zimejifunza. Jibu likarudi, refu, la heshima:

*Ndiyo. Wapasuliwe moyo wote waliotajwa, haraka, kwa kufuata itifaki.*

Chini yake palipangwa foleni. Wa kwanza Mkuu Mwenyewe. Wa mwisho kabisa, baada ya wajumbe wa ile kamati, Msonde, mwanaume, mzee.

Hidaya alikaa anaitazama ile skrini. Alifikiri atakamatwa. Alikwenda nyumbani akapanga nguo kwenye mfuko, akamwachia jirani ufunguo amtazamie mzee. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu ukaja mwaliko kutoka Ikulu.

Kumbe Ikulu ilikuwa imeipokea habari ile tofauti. Taarifa ilisema moyo wa Mkuu Mwenyewe ni mzima kuliko mioyo yote nchini, na ndiyo maana umeteuliwa wa kwanza. Bendi ikapiga. Zulia likatandikwa mpaka chumba cha upasuaji. Daktari Bahebe alimkwaruza Mkuu Mwenyewe kifuani kwa ncha ya kisu, padogo kama mtu anayemenya ndimu, akabandika kitambaa cheupe. Watu walilia kwa furaha.

Baada ya hapo ukawa ugonjwa. Mawaziri walitembea vifungo wazi ili vitambaa vionekane. Ambaye hajapasuliwa alionekana kama hana uhusiano mzuri na juu. Waziri wa Maji alipopasuliwa kabla ya Waziri wa Nishati, baraza zima lilivunjika na kuundwa upya, na walioingia wapya wote wakadai nafasi zao mbele ya foleni. Na kila mkwaruzo mmoja ulikuwa na bendi yake, hotuba yake, keki yake.

Mzee Msonde alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, kwenye shati lake jeusi la urefa, kwa sababu alisema hawezi kwenda kwenye tukio kubwa amevaa kanga ya hospitali. Vitambaa vyeupe vilimpita mbele.

"Hawa wote wanaumwa moyo?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Wanajiangusha kwenye boksi." Akavuta pumzi. "Watu wazima kabisa. Refa yuko wapi?"

Hidaya alimfuata Bahebe hadi sinki la kunawia. "Daktari, nakuomba. Huyu Naibu ni mkwaruzo tu. Mwingize baba katikati yake na anayefuata, nani atajua?"

Bahebe hakugeuka. "Nikimruka Naibu, kesho nitakuwa nimelala mezani mimi, na anayeshika kisu siyo daktari. Nikimpasua baba yako nje ya foleni, hiyo ni jinai. Asipopasuliwa akaondoka, hiyo ni kazi ya Mungu. Sheria ndivyo ilivyoandikwa, dada, siyo mimi."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi?" Akafunga bomba. "Mimi naona mlezi wa kwaya yuko mlangoni."

Hidaya alitoka kumtafutia baba yake uji. Aliporudi, bendi ilikuwa inapigia mtu wa Wizara ya Uvuvi. Mzee Msonde alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, filimbi mdomoni. Alitaka kuipuliza, hilo lilikuwa dhahiri. Pumzi ndiyo haikutosha.

Hidaya aliweka uji chini ya benchi. Sijui kwa nini aliuweka kwa uangalifu vile, usimwagike.

*

Waziri Ngalawesa alikuja kwenye mazishi, kwani marehemu alikuwa baba wa mtumishi wa umma na kamera zilikuwa hazina kazi siku hiyo. Alisimama kichwani mwa kaburi, shati wazi, kitambaa cheupe kinang'aa. Akatoa simu. Mtu mwenye vyeo vile haandiki rambirambi mwenyewe. Aliagiza mashine imwandikie, na ombi lake lilipita kwa Dalali kama la mtu mwingine yeyote, limevaa kikamilifu.

Akaanza kusoma jibu lililorudi. Alimtambua Mkuu Mwenyewe. Alimtambua Mama wa Taifa. Akashuka kwa mawaziri, wa zamani na wapya, manaibu, makatibu, wake wakubwa, wake wadogo. Wachimba kaburi walikaa chini. Jua likatembea. Sheikh aliangalia saa, akaona aibu, akaangalia miguu. Waziri akasoma mlezi wa kwaya, Mshauri wa Mambo ya Washauri, wajumbe wa kamati mmoja mmoja, akafika mwisho wa maandishi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa, akakisoma kwa sauti nzito ya huzuni:

"Asante kwa salamu. Zimefika zote. Je, kuna swali?"

Akafunga simu. Jina la marehemu lilikuwa halijatajwa.

Watu walitazama udongo. Hidaya aliingiza mkono mkobani, akatoa filimbi ya baba yake, akaipuliza. Hakuipuliza kidogo. Aliipuliza kama penalti ya dakika ya mwisho, mpaka kunguru waliokuwa kwenye ukuta wa makaburi wakaruka wote, mpaka mpiga picha akaangusha kamera, na alipoishiwa pumzi akavuta nyingine akapuliza tena. Ilipokatika, palikuwa na kimya ambacho Kwaheshima haikuwahi kuwa nacho. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu alikuwa amemkatiza mtu mkubwa, na hakuna aliyejua kinachofuata.

Waziri Ngalawesa alikunja uso. Akafikiri. Kisha uso ukafunguka pole pole, akaanza kutikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Mwanangu," akasema, "umenikumbusha. Tumewasahau marefa."

Akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi.

Jumatatu Hidaya alikuwa kazini. Agizo lilikuwa limeshafika mezani kwake. Akamfungua Dalali, akateremka kwenye salamu hadi chini kabisa, chini ya wajumbe wa kamati, akaongeza: *Chama cha Marefa Wastaafu wa Jamhuri*. Halafu, kama anavyofanya kila akimgusa Dalali, akapitisha ombi moja la kujaribu aone kama hakuna alichoharibu.

Hakikuharibika kitu. Dalali alikuwa anafanya kazi vizuri kabisa.